Sataranji: Ajuaye kumaliza ndiye mshindi

KAMA una mtoto anayecheza sataranji shuleni, yaelekea umewahi kumwona akirudi kutoka mashindanoni ameinamisha kichwa. Ukimwuliza kulikoni, jibu huwa ni lile lile: "Nilikuwa nikishinda, lakini..."

Hiyo "lakini" ndiyo inayostahili kuchunguzwa. Huenda mtoto huyo alianza vyema, akamla mpinzani wake farasi au hata ngome. Kisha kete zikapungua ubaoni, wakabaki wafalme wawili, askari wachache na ngome moja moja, naye akawa hajui afanye nini. Dakika kumi baadaye ushindi umegeuka sare, na sare ikageuka kichapo.

Wahenga walinena kwamba mla ni mla leo, mla jana kala nini? Katika sataranji, aliyekula kete nyingi asubuhi hana lake iwapo hajui kumaliza jioni.

Wengi wanaoanza mchezo huu hukimbilia kukariri hatua za kufungua. Hujua majina ya mbinu za Kihispania na za Kisisili kabla ya kujua jinsi ya kumkamata mfalme aliyebaki peke yake. Ni kama fundi anayechagua rangi ya paa ilhali msingi haujachimbwa.

Basi tumfuate gwiji mmoja wa kale ambaye hadi leo huhesabiwa miongoni mwa walimu bora wa namna ya kumaliza mchezo. Jina lake ni José Raúl Capablanca wa Cuba. Huhitaji kuwa bingwa ili kufaidi mafunzo yake. Unahitaji ubao, kete chache na subira.

MTOTO WA HAVANA

Capablanca alizaliwa jijini Havana mnamo Novemba 19, 1888. Nyota njema huonekana asubuhi. Kwa masimulizi yake mwenyewe, hakuwa ametimiza miaka mitano alipojifunza sataranji kwa kumtazama tu baba yake akicheza. Siku moja baba alimsogeza farasi isivyo halali, kijana akacheka, akamwonyesha kosa, kisha akaketi na kumshinda.

Mwaka wa 1901, akiwa anatimiza umri wa miaka 13, alimlaza Juan Corzo, mmoja wa wachezaji hodari kabisa nchini Cuba, katika pambano la michezo mingi. Miongoni mwa vitabu alivyokuwa amepewa wakati huo ni kimoja kilichohusu jinsi ya kumaliza mchezo, na Capablanca alikipenda.

Mwaka wa 1921 alimvua Emanuel Lasker wa Ujerumani taji la ubingwa wa dunia, tena bila kupoteza mchezo hata mmoja: alishinda mara nne na kutoka sare mara 10. Kati ya mwaka wa 1916 na 1924 alicheza michezo 63 ya mashindano bila kushindwa. Hiyo ni miaka minane!

Katika mwaka huo huo wa 1921 alitoa kitabu chake, Chess Fundamentals. Hakianzi na hatua za kufungua. Kinaanza na ubao ulio karibu mtupu: mfalme na ngome dhidi ya mfalme peke yake. Hapo ndipo na sisi tutakapoanzia.

KETE TATU TU

Weka mfalme mweupe, ngome nyeupe na mfalme mweusi ubaoni. Kazi yako ni kumkamata mfalme mweusi asiwe na pa kukimbilia. Ukicheza sawasawa, kutoka mahali popote kazi hii haizidi hatua 16. Asiyejua hufukuzana naye ubao mzima hadi hatua 50 zinapita bila kete kuliwa wala askari kusogezwa, na hapo mpinzani ana haki ya kudai sare.

Siri yake si kumtishia mfalme ovyo. Ngome hujenga ukuta, na mfalme wa adui akabaki ndani ya boma. Kisha mfalme wako husogea kusaidia, boma likapunguzwa kidogo kidogo hadi adui abanwe ukingoni mwa ubao. Ngome peke yake haiwezi kazi hii. Ni lazima mfalme wako ainuke atembee.

Hilo ndilo funzo la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote: kete zikipungua, mfalme huacha kujificha na kuwa mpiganaji. Mwanzoni mwa mchezo, malkia, askofu na farasi wangali wamejaa na mfalme akitoka nje atauawa. Wakishaondoka, kumwacha amelala nyumbani ni sawa na kucheza ukiwa na upungufu wa kete moja.

Sasa ongeza askari, yaani zile kete ndogo. Kwa wale waliozoea drafti, kete ikifika upande wa pili huwa kingi. Katika sataranji, askari akifika safu ya mwisho hugeuzwa kuwa kete nyingine, na karibu kila mara huwa malkia. Kwa hivyo askari mmoja mnyonge anaweza kuamua mchezo mzima.

Kabla ya kuendelea, tuelewane kuhusu ubao. Mistari iendayo juu hupewa herufi a hadi h, kuanzia kushoto kwa mwenye kete nyeupe. Safu zinazokatiza huhesabiwa 1 hadi 8, kuanzia kwake. Kila mraba basi una jina lake, kama vile e4 au h7.

Weka mfalme mweupe e6, askari mweupe e5, na mfalme mweusi e8. Hapo weupe watashinda, awe ni nani anayeanza. Mfalme ametangulia, na hufagia njia huku askari akimfuata nyuma.

Sasa wabadilishane nafasi: askari awe e6, mfalme wake awe e5. Utadhani hali ni bora zaidi kwa kuwa askari yuko mbele zaidi. La hasha! Mchezo huo ni sare iwapo mwenye kete nyeusi atakuwa makini. Jaribu: mfalme mweupe aende d6, mweusi aende d8. Askari asogee e7 na kumtishia, mfalme mweusi arudi e8. Sasa mweupe akitaka kumlinda askari wake hana budi kwenda e6, na hapo mweusi hana mahali pa kukanyaga ingawa hajatishiwa. Kwa sheria za sataranji hiyo ni sare.

Kete ni zile zile, mraba ni ule ule. Kilichobadilika ni nani aliyetangulia. Mfunze mtoto wako maneno haya: mfalme atangulie, askari afuate. Kanuni hii hulegea tu kwa askari wa mistari ya kando, yaani a na h, kwa kuwa pale kwenye pembe mfalme wa adui hupata maficho.

NEW YORK, MACHI 1924

Baada ya misingi hiyo, tuingie katika mchezo wenyewe. Mnamo Machi 1924 mabingwa walikusanyika jijini New York, Marekani. Katika mashindano hayo Richard Réti alimshinda Capablanca na kukikatiza kile kipindi cha miaka minane. Ulimwengu wa sataranji ulitikisika.

Siku chache tu baadaye Capablanca aliketi mbele ya Savielly Tartakower, gwiji aliyejulikana kwa ujanja wake. Mchezo huo ndio ambao walimu wangali wanaufundisha hadi leo.

Panga kete hivi, baada ya hatua 34. Weupe, ambao ni Capablanca: mfalme f3, ngome h7, na askari a4, c3, d4, f4 na g5. Weusi, ambao ni Tartakower: mfalme f8, ngome c6, na askari a7, b6, c7, d5 na f5. Jumla ni kete 14. Ni zamu ya weupe.

Tazama vyema. Kila upande una askari watano. Lakini ngome nyeusi inamkodolea macho askari wa c3, naye hana wa kumlinda. Wewe ungefanya nini?

Wengi wetu tungeirudisha ngome nyumbani ikamlinde askari huyo. Ni jambo la kawaida kwa binadamu kuogopa kupoteza alicho nacho. Lakini ngome iliyo h7 inamzuia mfalme mweusi asipande juu ya safu ya nane. Ukiirudisha, umemfungulia mlango.

Capablanca hakuilinda c3. Alimsogeza mfalme wake g3, hatua iliyomruhusu Tartakower kumla askari na kumtishia mfalme kwa wakati mmoja! Ngome ikala c3, mfalme akaenda h4. Ngome ikaja f3 kumvizia askari wa pili. Capablanca akamsukuma askari wake wa g5 hadi g6. Ngome ikamla yule wa f4 na kumtishia mfalme tena. Mfalme akaingia g5.

Hesabu sasa. Weusi wana askari watano, weupe wamebaki na watatu. Mtu akipita na kutazama kwa juu juu atasema Capablanca amekwisha.

Lakini mfalme alikuwa safarini. Ngome nyeusi ilipohamia e4, mfalme mweupe angeweza kumla askari wa f5, kwa maana hakuwa na mlinzi. Hakumla. Alipita kando yake na kusimama f6. Kwa nini amwache adui hai? Kwa sababu askari huyo mweusi alikuwa mwavuli. Maadamu yuko f5, ngome nyeusi haiwezi kumtishia mfalme kutoka nyuma katika mstari huo. Capablanca alijikinga kwa kete ya adui yake mwenyewe.

Kutoka f6 mfalme alimtazama mwenzake wa f8 uso kwa uso. Ngome nyeupe sasa ilitishia kushuka h8 na kumaliza kazi mara moja. Mfalme mweusi akakimbilia g8, ngome ikamtishia kutoka g7, akasukumwa h8 kwenye kona. Hapo ndipo Capablanca alipoanza kudai madeni yake: akamla askari wa c7, kisha yule wa f5 ambaye hakuhitajika tena, halafu wa a7, halafu wa d5. Askari wawili alitoa, askari wanne akachukua. Katika hatua ya 52 Tartakower alisalimu amri.

MCHEZO UNAFUNZA NINI?

Usikimbilie kusema kwamba ni mambo ya watu waliojaliwa vipaji. Ukiuchunguza mchezo huo utaona kila hatua ina sababu inayoeleweka hata na mtoto wa darasa la tano.

Kwanza, thamani ya kete ni kazi inayofanya. Ngome ya Tartakower ilikula askari wawili, lakini kila ilipokuwa ikila ilikuwa mbali na mfalme wake. Ngome ya Capablanca haikula chochote kwa muda mrefu, lakini ilikuwa imemfungia adui ndani ya nyumba yake.

Pili, kete tatu zinazosaidiana huzishinda tano zilizotawanyika. Mfalme wa f6, ngome ya h7 na askari wa g6 walikuwa kama mafiga matatu. Ukiondoa moja, chungu kinaanguka.

Tatu, ni lazima ujue unakokwenda kabla ya kutoa. Capablanca hakugawa askari wake kwa ukarimu. Alikuwa ameona f6 tangu akiwa f3, na alijua akifika pale atalipwa. Anayetoa kete bila kujua atalipwa nini na lini anacheza kamari.

BINGWA ALIPOPATA MWALIMU

Iwapo unadhani ujuzi huu ukishaupata haukutoki, sikiliza yaliyompata Capablanca mwenyewe.

Mwaka wa 1927 alikwenda Buenos Aires, Argentina, kulitetea taji lake dhidi ya Alexander Alekhine, mzaliwa wa Urusi aliyekuwa akiishi Ufaransa. Alekhine hakuwa amewahi kumshinda Capablanca katika mchezo wowote wa mashindano. Watu wengi waliona ni kupoteza wakati tu.

Lakini Alekhine alikuwa amefanya kile ambacho makala haya yanakuhimiza ufanye. Aliichukua michezo ya Capablanca, akaichambua mmoja baada ya mwingine, akitafuta nguvu za bingwa huyo na nyufa zake.

Pambano lilikuwa la kufa na kupona. Aliyetangulia kushinda mara sita ndiye angetwaa taji, na sare hazikuhesabiwa. Walicheza michezo 34, na 25 kati ya hiyo ikaisha sare. Capablanca alishinda mara tatu, Alekhine mara sita.

Mchezo wa 34, ule wa kuamua, uliingia katika hali ya ngome dhidi ya ngome. Alekhine alikuwa na askari mmoja wa ziada, tena mbali kabisa kando ya ubao, katika mstari wa a. Capablanca alilazimika kumchunga asije akafika mwisho na kuwa malkia. Alipokuwa ameshughulishwa huko, Alekhine alimtembeza mfalme wake hadi upande wa pili, kule askari weusi walikobaki bila ulinzi wa kutosha. Mchezo uliisha katika hatua ya 82.

Hii ndiyo kazi ya askari wa kando: huenda asifike mwisho, lakini humvuta mlinzi mbali na nyumba. Na tazama, silaha iliyomwangusha Capablanca ni ile ile aliyoitumia New York: mfalme anayetembea. Mwanafunzi alikuwa ameyasoma maandishi ya mwalimu hadi mstari wa mwisho.

Capablanca hakupata nafasi ya kurudiana na Alekhine kuwania taji hilo. Alifariki jijini New York mnamo Machi 8, 1942, akiwa na umri wa miaka 53.

UANZE VIPI NYUMBANI?

Huhitaji gharama kubwa. Ubao unaweza kuchorwa kwenye katoni, na vifuniko vya soda vilivyoandikwa herufi vikawa kete. Michezo ya Capablanca inapatikana bure katika intaneti, hata kwa simu, na kitabu chake cha mwaka wa 1921 kimo katika maktaba za intaneti za vitabu vya kale.

Usianze mchezo tangu hatua ya kwanza. Ruka hadi pale malkia wameondoka na kila upande umebaki na kete chache. Panga ubao hapo. Funika hatua zinazofuata kwa karatasi, kisha jiulize maswali matatu: Mfalme wangu anaweza kwenda wapi akasaidie? Ni askari yupi anayeweza kupata njia wazi? Ni kete yangu ipi iliyolala?

Andika hatua ambayo ungecheza, pamoja na sababu yake. Ndipo ufunue uone bingwa alicheza nini. Mkitofautiana, usiseme tu kwamba umekosea ukaendelea. Cheza hatua yako ubaoni uone inaishia wapi. Hapo ndipo somo lilipo.

Mkimaliza, wewe na mtoto chezeni hali hiyo hiyo mara mbili mkibadilishana pande. Kucheza upande unaolemewa kuna faida yake, kwa kuwa utajua ni kitu gani kinachomuudhi anayeshinda.

Nusu saa kwa jioni mbili au tatu za juma yatosha. Haba na haba hujaza kibaba. Anza na mfalme na ngome dhidi ya mfalme hadi mtoto aweze kumaliza bila kusitasita. Fuatisha mfalme na askari mmoja. Baada ya hapo ndipo uingie katika michezo ya ngome, ambayo hutokea mara nyingi kuliko mingine yote.

Na zaidi ya yote, mzuie asiharakishe. Wanaoshinda ndio hukimbia zaidi, wakitaka kumaliza upesi, na ndio humwacha mfalme wa adui bila pa kukanyaga na kuambulia sare ya bure. Mpinzani asiyeweza kukudhuru hawezi kukutoroka. Chukua hatua moja zaidi kuimarisha kete zako ndipo ushambulie.

Kwa hivyo Jumapili hii, kabla hamjapanga zile kete 32 kama ilivyo desturi, pangeni zile 14 za New York. Mpe mtoto upande mweupe, mwonyeshe ngome ya c6 inavyommezea mate askari wa c3, kisha umwulize angefanya nini. Akinyosha mkono kumshika mfalme, jua ameanza kuelewa.